Zabibu Hakufa kwa Mkono Wako

Nyemo, mwanangu uliye mbali,

Kwa miaka sita nimekuficha jambo moja kuhusu asubuhi aliyozaa Zabibu. Umeishi ukiamini kwamba farasi yule alikufa kwa uzembe wako, na mimi nimekuacha uamini hivyo. Si kweli. Zabibu hakufa kwa mkono wako. Naliweka hilo hapa juu kabisa, kabla hata ya salamu, kwa sababu moyo wangu siku hizi unafanya kazi unapotaka, na naogopa usije ukagoma kabla sijafika mbali. Yaliyobaki nitayaandika kadiri nguvu zitakavyoniruhusu. Kuna sentensi moja ambayo najua nitaizungukazunguka kwanza. Nivumilie, nitaifikia.

Barua hii nimeiandika iwe wazi kwa makusudi. Nilikuchafulia jina uani kwetu, mchana, mbele ya watu. Haifai nikusafishe kwa kunong'ona. Mama yako ataisoma kwa sauti palepale uani, mbele ya Mzee Idi na Yohana wetu wa bandani na jirani yeyote atakayependa kusikiliza, kisha itakuja kwako Mwanza.

Sasa salamu. Mbukwa, mama! Hali yangu ni ileile: miguu imevimba, pumzi fupi, chakula ni uji. Lakini sikuichukua kalamu leo kwa ajili ya miguu. Nimeichukua kwa sababu Mbegu ana nta!

Mbegu, Nyemo! Yule yatima wa Zabibu uliyemnywesha maziwa ya mbuzi kwa chupa ya soda mpaka wewe mwenyewe ukanuka zizi. Ana mimba yake ya kwanza, miezi kumi na moja sasa, na leo asubuhi Yohana alipoinama kumtazama kiwele akakuta yale matone magumu ya njano kwenye chuchu, kama nta iliyogandia kwenye mshumaa. Unajua maana yake kuliko mimi. Yohana alitoka bandani anakimbia, mtu mzima yule mwenye wajukuu, kofia imebaki nyuma.

"Mzee, imetoka!"

"Nini imetoka?"

"Nta! Pande zote mbili!"

Nikakaa kitandani bila kushikwa, jambo ambalo daktari alinikataza. Mama yako akatokea jikoni na mwiko mkononi. "Mnapigia kelele nini asubuhi yote hii? Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama," Yohana akasema. "Anakuja mtu."

Kitanda changu walikihamishia sebuleni tangu mvua za kwanza, karibu na lile dirisha linalotazama chumba cha kuzalia. Nililala hapo nikajifanya sijali, lakini ukweli ni kwamba sijawahi kuwa na kitanda kizuri kama hiki. Naona mlango wa chumba, naona ule ubao wako, naona nyasi mpya zimepanda hadi kwenye uzio wa mizabibu ya jirani. Msimu huu tuna majike watano wenye mimba. Watatu wamekwisha kuzaa. Wa kwanza alileta dume lenye soksi nyeupe miguu yote minne, limetoka likiwa na hasira na dunia nzima. Wa pili jike jekundu. Wa tatu tena dume, refu hivi kwamba Yohana alidai sehemu nyingine imebaki ndani. Kila akizaliwa mmoja nasema sasa inatosha, naweza kwenda, halafu nasikia mwingine amevimba kiwele na naahirisha. Mama yako anasema nimemfanya Mungu kama karani wa ofisini, kila siku namwambia aje kesho.

Na yeye mwenyewe ameshikwa na ugonjwa huuhuu wa farasi! Tumefunga kamera ndogo bandani, picha inakuja kwenye simu yake. Zamani jioni ilikuwa ya tamthilia. Siku hizi anamtazama Mbegu. Jana nilimuuliza hadithi imefikia wapi. Akanijibu, "Mhusika mkuu bado anakula majani."

Unakumbuka siku farasi wa kwanza walipofika hapa Hombolo? Ulikuwa umetoka kumaliza kidato cha nne. Lori lilisimama nje na nusu ya kijiji ikaja, maana watu walikuwa wameambiwa kwamba bwana mifugo mstaafu ameacha ng'ombe na kununua wanyama wa wazungu. Bibi yako, mama wa mama yako, akamzunguka yule jike mara mbili, akainama akamtazama chini ya tumbo.

"Anakamuliwa?"

"Hapana, mama," nikasema.

"Analima?"

"Halimi."

"Analiwa?"

"Haliwi."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Sasa mwanangu umeolewa na mtu gani wewe," alimwambia mama yako. Aliyemjibu ni wewe. Ulisimama juu ya boksi la magazeti, mikono kiunoni. "Anaruka, bibi." Bibi akauliza anaruka kwenda wapi. Watu walicheka hadi farasi wakaogopa.

Na kweli waliruka. Mzee Idi ndiye aliyetuletea Zabibu, baada ya miaka kadhaa. Yeye Mrangi wa Kondoa, mfanyabiashara, hakuwahi kupanda hata punda, lakini alimwona jike yule kwenye mashindano Arusha akiruka viunzi na moyo wake ukaenda naye. Farasi akawa wake, shamba likawa langu, watoto tugawane. Zabibu alikuwa mweusi mwenye zambarau ndani yake, kama zabibu zetu zinapokuwa tayari kuchumwa, na alama nyeupe ya nyota kwenye paji la uso. Jina ulimpa wewe siku ileile aliyofika, kabla hata hajashuka kwenye lori.

Asubuhi moja wakati wa likizo yako ya chuo nilikuona unampanda peke yako. Ulikuwa umepanga magogo uwanjani, manne, la mwisho likiwa juu kunifikia kifuani. Nilikuwa nimesimama nyuma ya tangi la maji na hukuniona. Zabibu alikusanya miguu, akanyanyuka, na kwa muda mfupi nyinyi wawili hamkuwa mnagusa chochote. Mlipotua ulicheka peke yako kwa sauti kubwa. Sikutoka nyuma ya tangi. Sikukwambia kamwe kwamba nilikuwepo, wala kwamba nililia. Baba wa Kigogo aliyelia kwa sababu binti yake ameruka gogo, nani angenielewa? Leo nimekwambia. Tazama jinsi inavyokuwa rahisi kidogokidogo.

Uliporudi kabisa kutoka chuoni Morogoro na cheti chako cha mifugo, ulikuja na mambo mapya kila siku. Farasi wote waingie ndani kabla jua halijazama, kwa ajili ya visubi wanaoleta ule ugonjwa wa farasi. Kitovu kipakwe dawa mara mtoto anapotua. Na ukatundika ubao mweusi kwenye mlango wa chumba cha kuzalia, ukaandika kwa chaki:

Ndani ya saa moja, mtoto asimame.
Ndani ya mbili, anyonye.
Ndani ya tatu, kondo la nyuma litoke. Litandazwe chini, litazamwe lote. Lisizikwe kabla.

Mstari wa mwisho ulinihusu mimi. Mimi nimekua zizini. Ng'ombe wa baba yangu wakizaa, kondo tunaliacha lining'inie hata siku nzima, linaanguka lenyewe, na likianguka linazikwa langoni mwa zizi mara moja ili mbwa wasilifikie. Nimezalisha ng'ombe kwa mikono hii kuliko nilivyoshika kalamu. Kwa hiyo nilipokuwa nikibisha, hukuwa unabishana na mjinga. Ulikuwa unabishana na mtu anayejua sana kitu kingine. Kila mara ulinijibu kwa maneno yaleyale manne, kwa upole, huku unatabasamu: "Farasi si ng'ombe, baba."

Nilivumilia maneno hayo tulipokuwa wawili. Sasa nakuja kwenye siku mbili kabla Zabibu hajazaa. Walikuja wageni wa klabu moja ya farasi ya Arusha kutazama watoto wa farasi wa mwaka ule. Tulikuwa tumesimama mbele ya chumba, nami nikawa nawaeleza, kama mwenye shamba, kwamba jike akichelewa kutoa kondo hakuna haja ya kuhangaika, asubuhi yake litakuwa limeanguka. Ukasema mbele yao, "Hapana, baba. Hiyo ni ng'ombe. Farasi likibaki hata kipande cha ukubwa wa kiganja, ndani ya siku tatu umempoteza." Wageni wakacheka kidogo, bila ubaya. Mmoja, mzee wa umri wangu, akakushika mkono, akasema, "Kumbe mtaalamu ni wewe." Kisha akaanza kuniruka. Kila swali lililofuata alikuuliza wewe.

Hukufanya kosa lolote. Ulisema ukweli, na ulikuwa sahihi. Naandika hapa ili ujue tu mahali nilipokuwa nimesimama moyoni asubuhi ile.

Mkono umechoka. Nitaendelea kesho. Yohana ameweka maranda mapya chumbani na Mbegu anazunguka, anazunguka, anajitazama ubavuni.

*

Ijumaa.

Nyemo! Nyemo! Ni jike! Ni jike jeusi, na ana nyota!

Ngoja nishushe pumzi, nikueleze kwa mpangilio. Jua lilikuwa ndiyo linachomoza. Mama yako alikuwa anachemsha chai, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari, mara nikasikia kopo limeanguka. "Amelala chini! Yohana! Amelala!" Nikasema sibaki hapa kutazama dirishani kama mfungwa. Wakanitoa kwa kiti cha plastiki, Yohana kashika mguu huu wa kiti, mama yako ule, miguu yangu inaning'inia. Yohana akawa anacheka, anasema nimebebwa kama bwana harusi. Nikamwambia acha kucheka, tembea.

Tulifika mfuko umeshatokeza, mweupe wenye ubluu, na ndani yake kwato mbili, moja mbele kidogo ya mwenzake, na pua imelala juu yake. Sawasawa na ulivyotuchorea. Mbegu akasukuma, akapumzika. Akasukuma, akapumzika. Yohana hakuvumilia. Yule naye ni wa zizini kama mimi. Akapiga magoti, akashika miguu, ile mikono ya kuvuta ndama.

Na mama yako, Nyemo, mama yako ambaye hakutaka hata kunuka farasi, akampiga Yohana begani na kitambaa cha jikoni. "Acha! Usimvute! Farasi si ng'ombe!"

Yohana akaachia. Tukatazamana wote watatu. Ilikuwa kana kwamba umeingia mlangoni.

Akatoka mwenyewe. Dakika chache tu na mtoto wote yuko kwenye maranda, amelowa, mweusi tii, masikio yamelala, na kwenye paji la uso ile nyota ya bibi yake, imekaa upande kidogo kama kofia ya mlevi. Yohana akapaka dawa kitovuni. Mama yako akashika saa ya simu na kusoma ubao wako kwa sauti, mstari wa kwanza, kama anasoma somo kanisani.

Mzee Idi akafika katikati ya kusimama. Alikuwa amevaa kanzu tayari kwa ajili ya Ijumaa, akawa anaisokota juu isiguse mavi. Mtoto akanyanyua nyuma, akaanguka na pua. Akanyanyua mbele, akaanguka na mkia.

"Hii ni miguu au ngazi?" Mzee Idi akauliza.

"Ni ya kwako, nusu," nikamwambia.

"Basi nusu yangu ndiyo ile inayosimama. Inayoanguka ni ya Mgogo."

"Mgogo ndiye aliyemlisha mama yake."

"Mgogo mlimpa maziwa ya mbuzi! Mngechelewa kidogo kumwachisha angeota ndevu."

Kwenye dakika ya arobaini mtoto akasimama. Miguu minne imetawanyika pande nne, anatetemeka kama redio mbovu, lakini amesimama! Tukapiga makofi, wazee watatu na mama yako. Mbegu akageuza shingo, akamnusa, akatoa ule mlio wa chini kabisa wa kooni, mlio ambao wewe uliniambia jike huutoa kwa mtoto wake tu. Mbegu aliusikia kwa mama yake kwa siku mbili tu, akiwa kichanga. Ameukumbukaje? Mzee Idi akafuta macho kwa ncha ya kanzu, akasema ni vumbi. Hakukuwa na vumbi. Mvua ilinyesha jana.

Baada ya saa moja na nusu mtoto alikuwa amenyonya. Yohana akalifunga fundo kondo lililokuwa bado linaning'inia ili Mbegu asilikanyage, kisha tukasubiri. Lilianguka kabla saa ya pili haijaisha. Na sasa, Nyemo, nisikilize kwa makini, maana nimefika.

Yohana hakulipeleka popote. Alilibeba kwa ndoo hadi kwenye ile sakafu ya saruji, akamwaga maji, akalitandaza taratibu kwa mikono miwili kama mtu anayetandika shuka. Likakaa vile ulivyotufundisha, kama suruali: kiunoni pale lilipopasuka kumtoa mtoto, halafu pembe mbili, moja nene na moja nyembamba, kila moja na ncha yake iliyofungwa. Akachuchumaa. Akaingiza kidole kwenye ncha ya kwanza.

"Ncha ya kwanza, ipo."

Akasogea.

"Ncha ya pili, ipo. Hakuna palipochanika." Akainua uso. "Mzee, thibitisha."

Ni desturi uliyotuachia: anayetandaza hathibitishi, lazima mtu wa pili aone. Mtu wa pili nilikuwa mimi. Nikainama kutazama, nikabaki nimeinama. Wakadhani ni moyo. Mama yako akaanza kunifungua vifungo vya shati, Mzee Idi akaniita jina langu mara tatu. Haukuwa moyo. Nilikuwa natazama ncha ya pili, iko salama, imefungwa, nyembamba kama kidole cha soksi, na nilikuwa naona nyingine.

Wamenirudisha kitandani. Nimewaambia nataka kalamu kabla ya dawa.

Unakumbuka, asubuhi ile ilikuwa ya jua kama hii. Mtoto wa Zabibu alitoka dhaifu. Ulikuwa umepiga magoti kwenye maranda, umemfunika taulo lako la kuogea, unamsugua kifua na kumkamulia maziwa ya kwanza mdomoni tone kwa tone. Hukuweza kumwacha hata dakika moja. Kondo lilipoanguka uliniita bila kugeuka: "Baba, nisaidie kulitandaza." Nikalichukua kwa ndoo, nikatoka nalo. Nilichelewa kurudi. Niliporudi ndoo ilikuwa tupu na jembe lilikuwa na udongo mbichi. Ukaniuliza, "Limetoka lote, baba?"

Nikasema, "Lote."

Ukaniamini. Ukachukua kile kitabu chako cha kumbukumbu za bandani, cha jalada la kijani, mikono imelowa, ukaandika: Kondo limetoka lote. Ukaweka sahihi yako.

Siku ya pili Zabibu akapata homa. Kwato zikawa za moto kama mawe ya jikoni. Ulimwekea miguu kwenye ndoo za maji baridi, ulimdunga dawa zote tulizokuwa nazo, ulimwita daktari wa mifugo kutoka mjini, naye akasema kuna kitu kimebaki ndani na kimeoza. Siku ya tatu hakuweza kusimama tena. Alikufa mchana, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja yako, na watu wamejaa uani.

Mzee Idi hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Nani alilikagua lile kondo?"

Nami nikasema maneno ambayo nimeyasikia kila siku tangu hapo. Nikasema, "Muulize Nyemo. Yeye ndiye aliyesoma."

Uliingia ndani, ukaleta kitabu, ukamfungulia ukurasa. "Mwandiko ni wangu," ukasema. Hukusema zaidi. Ungeweza kuongeza maneno mawili, "baba aliniambia," na kila mtu angenigeukia mimi. Hukuyasema. Ulinikinga mbele ya watu, nami niliyekutupa kwao nikakaa kimya nikakingika.

Ulimlea Mbegu kwa chupa hadi alipojua kula. Kisha ukafunga sanduku. Asubuhi ya kuondoka ulikuja kunisalimia, "Shikamoo, baba," nikaitika, ukaniuliza swali moja tu: "Baba, na wewe hukulitazama?" Nikakujibu, "Sikulitazama. Nililizika tu, kama la ng'ombe." Ukatikisa kichwa polepole. Ukasema, "Basi kosa ni langu. Ningesimamia mwenyewe." Ukaenda Mwanza, ukakaa kwenye kiti cha ofisi ya watu wa mizigo, na mama yako ananiambia tangu hapo hujamgusa mnyama, hata paka.

Jibu lile nimelitumia miaka sita kama blanketi. Mzee wa ng'ombe, mazoea ya zizi, hakujua. Hata katika sala nimesema hivyo. Mtu akizeeka watu wanapenda kumsamehe kwa kutojua, ni msamaha rahisi, hauulizi maswali.

Sikuombi urudi kwa sababu nakufa. Nitakufa uje usije. Lakini jike wa tano bado hajazaa, na mimba yake ni kubwa, na hapa kuna watu wanaokutii usipokuwepo kuliko walivyonitii mimi nikiwa wima. Shamba nimekwisha kuliandika kwa jina lako; usilipokee kama fidia, lipokee kwa sababu hakuna mwingine anayelijua. Mtoto hana jina. Hakuna aliyethubutu kumpa. Amesimama hapo mlangoni chini ya ubao wako, nyota upande, ananitazama na kutafuna mkia wa mama yake.

Kaa salama, mama. Nikiondoka kabla hujafika, anza kwanza bandani, kaburini uje baadaye.

Sasa ile sentensi. Mzee Idi, Yohana, mama Nyemo, sikilizeni nanyi. Sikulizika bila kulitazama. Nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo huoni ukiwa chumbani, nilimwaga ile ndoo kwenye nyasi na kulitandaza vilevile ulivyonifundisha, kiuno huku, pembe mbili kule. Nikaingiza kidole ncha ya kwanza, ikawepo. Ncha ya pili haikuwepo. Ilikuwa imechanika, palibaki tundu la ukubwa wa kiganja changu, na nilijua maana yake kwa sababu ulikuwa umeisema mbele ya wageni siku mbili nyuma. Ulikuwa hatua ishirini kutoka kwangu. Kukuita kungekuwa kusema kwamba farasi si ng'ombe. Nikalikunja, nikachukua jembe.

Ni mimi,
baba yako.